Dunia haimfunzi mtu aliye peke yake

"Mwache. Dunia itamfunza."

Haipiti wiki hapa Ibighi, wilayani Rungwe, bila kuisikia kauli hii. Mama anaitoa kwenye banda la kupimia majani ya chai, mgongo umelowa mvua, akimsema kijana wake aliyekataa shule. Mzee anaitoa akimzungumzia binti aliyepata mimba akiwa kidato cha pili. Abiria wanaitoa ndani ya Noah itokayo Kiwira, wakimtazama mpiga debe wa miaka kumi na mitano anayening'inia mlangoni. Kila inapotolewa, waliopo huitikia kwa kichwa, maana nyuma yake imesimama methali tuliyorithi sote: asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu.

Nataka kuipinga kauli hiyo waziwazi. Ulimwengu hauna ualimu wowote. Ulimwengu unapiga. Mtu mmoja hupigwa akainuka na subira na huruma kwa wengine. Mwenzake hupigwa kipigo kilekile akainuka mkatili, au mlevi, au mwoga wa kila kitu. Wa tatu hainuki kabisa. Kama shida ingekuwa mwalimu, basi wote watatu wangehitimu. Ninavyoona mimi, kinachowatenganisha ni mambo mawili: shida ilimkuta mtu akiwa na umri gani, na ilimkuta akiwa na nani. Babu zetu wa Rungwe waliyajua mambo haya mawili kiasi cha kuyajengea vijiji. Sisi tumeyaacha, na nyumba zetu ndizo zinazolipa.

Nyumba moja, vizazi vitatu

Tuchukue nyumba ya kawaida ya huku kwetu. Migomba nyuma ya jiko, ng'ombe mmoja wa maziwa bandani, nusu eka ya chai mteremkoni, miti michache ya parachichi iliyopandwa juzijuzi kwa matumaini makubwa. Ndani wamo bibi wa miaka sabini, mama wa miaka thelathini na minane, kijana wa kumi na minne na mtoto wa minne. Baba alikwenda Chunya kutafuta dhahabu na sasa simu yake haipatikani. Mwezi huo malipo ya majani yamechelewa. Kisha ng'ombe anaugua, anakufa.

Ni shida ngapi zilizoingia humo? Kwa mtendaji wa kijiji ni kaya moja iliyopungukiwa. Kwa wanaolala ndani yake ni shida nne tofauti. Mtoto wa miaka minne hajui bei ya chai wala hajui Chunya iko upande gani. Anachojua ni kwamba sauti ya mama imebadilika, kwamba akilia habebwi upesi kama zamani, na kwamba maziwa ya asubuhi hayaji tena. Anajifunza kuwa watu hawategemeki, na kwa sababu anajifunza kabla hajawa na maneno ya kulisemea jambo hilo, itakuwa kazi kubwa kumwondolea funzo hilo baadaye. Mama anabeba njaa ya watoto na aibu ya mume asiyerudi, na wakati huohuo wote wanamtazama usoni ili wajue kama waogope. Bibi haogopi njaa, ameiona. Anachoogopa ni kuwa mzigo.

Na kijana? Kwake njia ni mbili. Mama akimwita jikoni jioni akamwambia, "Baba, hali ni hii, tusaidiane," yule kijana ataingia shambani alfajiri kabla ya shule, atachuma, atabeba kapu hadi kwenye mizani, na siku ya malipo ataiweka hela mkononi mwa mama yake. Amepata shida, lakini pia amepata nafasi. Anahitajika. Asipoambiwa kitu, akawa anasikia tu kelele na lawama, atatafuta mahali pengine anapohitajika, na mahali hapo pako wazi tangu asubuhi pale kijiweni.

Yupo mwanasosholojia wa Marekani, Glen Elder, aliyelichunguza jambo hili kwa kina. Uchumi wa dunia ulipoporomoka kuanzia 1929, familia nyingi za nchi hiyo zilipoteza kazi na kipato. Elder alifuatilia kumbukumbu za watoto wa mji wa Oakland, California, waliozaliwa mwaka 1920 na 1921, na kitabu chake juu yao kilitoka mwaka 1974. Baadaye akawalinganisha na watoto wa mji jirani wa Berkeley, waliozaliwa 1928 na 1929. Wale wa Oakland walikutwa na dhiki wakiwa wanaingia ujana. Wavulana walitafuta vibarua, wasichana wakashika kazi za nyumbani, na wengi wao wakaja kuwa watu wazima walio imara, wenye kuthamini kazi na familia. Wavulana wa Berkeley walikutwa wakiwa wadogo kabisa. Walipofika ujana, wengi wa waliotoka katika nyumba zilizoumia hawakujiamini, shule haikuwaendea vizuri, hawakutarajia makuu. Wasichana wa umri huohuo hawakuumia kiasi hicho, kwa kuwa katika miaka ile mibaya walikuwa karibu na mama zao. Na kuna jambo moja la kutia moyo: wengi wa wale wavulana walinyooka baadaye, walipoingia jeshini wakaishi na vijana wenzao mbali na nyumba zilizowavunja. Naomba msomaji aikumbuke habari hii ya jeshi. Nitairudia.

Dhiki ilikuwa ileile, nchi ileile, miji miwili inayopakana. Tofauti ilikuwa miaka minane tu ya kuzaliwa. Sasa, mtu akisema shida hukomaza, si haki tumuulize inamkomaza nani? Tunapenda kusema udongo upate uli maji, tukimfikiria mfinyanzi. Udongo mbichi hupokea pia kwato ya ng'ombe anayepita, na alama yake ikishakauka inakaa.

Vijana waliojijengea kijiji

Kati ya mwaka 1934 na 1938 waliishi huku Rungwe watafiti wawili, mtu na mkewe, Godfrey na Monica Wilson. Monica alikuwa mzaliwa wa Afrika Kusini. Godfrey alifariki mwaka 1944, na mkewe ndiye aliyekamilisha kazi ya kuyaandika waliyoyaona. Kitabu chao maarufu kuhusu vijiji vya rika vya Wanyakyusa kilitoka mwaka 1951, na hadi leo kinasomwa katika vyuo vikuu vya mbali na watu wasioweza kuonyesha Tukuyu kwenye ramani. Sisi wenyewe tunakisoma kwa shida.

Walichokieleza ni hiki. Mvulana wa Kinyakyusa alianza kuchunga ng'ombe wa baba yake akiwa na miaka kama sita, pamoja na wavulana wa majirani. Kwenye baridi ya malisho, katika mvua hii yetu inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka, walipigana, wakapatana, wakajua nani ni mwoga na nani ni mwongo. Walipofika miaka kumi au kumi na mmoja walitoka kwenye nyumba za baba zao wakajenga vibanda vyao kando ya kijiji. Mwanzoni vilikuwa vibanda vya matete vya kitoto. Kadiri walivyokua ndivyo nyumba zilivyoimarika, hadi siku walipooa wakaleta wake zao palepale. Waliochunga pamoja ndio waliozeeka pamoja.

Lakini hawakutupwa, na hapo ndipo ninapotaka tupaangalie sana. Mvulana alilala na wenzake, ila chakula alikula kwa mama. Tena hakwenda peke yake. Walikwenda kundi zima, leo kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule. Shamba la kulima lilikuwa la baba, na ng'ombe wa mahari angetoka kwa baba. Kijana alikuwa mbali vya kutosha ajifunze kujisimamia, karibu vya kutosha asife njaa. Kina Wilson waliandika kwamba kwa wenyeji, mazungumzo ya watu wa rika moja wanaokula na kunywa pamoja, yaani ukwangala, ndiyo yaliyohesabiwa kuwa elimu kuu. Mchoyo alisemwa na wenzake. Mwenye hasira za hovyo aliona kundi linamkwepa. Tabia ilichongwa na watu ambao ungekuwa nao maisha yako yote, kwa hiyo hapakuwa na pa kukimbilia.

Kisha kizazi cha wana kilipofika miaka ya thelathini na kitu, nchi yote ilifanya ubusoka. Mioto ya zamani ilizimwa majumbani, ukapekechwa moto mpya. Wakuu wapya wa vijiji walitangazwa. Baba walikabidhi utawala na kusogea ili kuwaachia wana ardhi. Fikiria uzito wa jambo hilo kwa mtu mwenye nguvu na mali: kuambiwa hadharani, mbele ya waliokuheshimu, kwamba zamu yako imekwisha. Hilo nalo lilikuwa jaribu, na halikumkuta mmoja mmoja. Rika zima la wazee lililikabili kwa pamoja, siku moja.

Sitaki mtu adhani nasifia paradiso. Wapo wataalamu waliokuja baadaye wakahoji kama mambo yalikuwa nadhifu kiasi hicho. Ng'ombe walikuwa mikononi mwa wazee, hivyo wanaume wazima walioa wake wengi huku vijana wakisubiri miaka. Tuhuma za uchawi zilimng'oa mtu kijijini usiku mmoja. Na vijiji hivyo vilikuwa vya wanaume. Mabinti waliolewa mapema, wakahamia kwenye rika la mume na kuishi kwa kumkwepa baba mkwe maisha yao yote. Nitalirudia hilo pia, maana kasoro ile bado tunayo.

Ila tuangalie jambo la ajabu. Wamoraviani walifika wakafungua misheni ya Rungwe mwaka 1891. Kanisa lao lilichipuka upya katika kijiji cha Herrnhut, Saksonia, Ujerumani, kilichoanza mwaka 1722 kwenye ardhi ya kabaila aitwaye Zinzendorf. Huko, katika karne ya kumi na nane, waumini walipangwa makundi kwa hatua ya maisha: watoto, wavulana, wasichana, vijana wasiooa, mabinti wasioolewa, wenye ndoa, wajane wa kiume, wajane wa kike. Kila kundi na ibada zake na msimamizi wake, na baadhi na nyumba yao ya kulala. Hawakuwahi kusikia habari za Mnyakyusa, wala Mnyakyusa habari zao, na bado wote wawili walifikia wazo lilelile: kila umri una mtihani wake, na anayeufanya mtihani huo anahitaji wenzake wa rika.

Mwaka 1950, mwaka mmoja tu kabla ya kitabu cha Monica Wilson, mwanasaikolojia Erik Erikson alichapisha Marekani kitabu kilichogawa maisha ya binadamu katika hatua nane, kila moja na mgogoro wake. Mtoto mchanga anapambana kujua kama aamini au asiamini. Mtoto wa shule anatafuta kujua kama anaweza kazi au ni duni. Kijana anauliza yeye ni nani. Mtu mzima anachagua kati ya kulea wanaokuja na kujifungia na nafsi yake. Mzee anayapima maisha yake na ama anayakubali, ama anakata tamaa. Erikson alizaliwa Frankfurt mwaka 1902 na hakumjua kamwe baba yake mzazi. Jina alilozikwa nalo alijipa mwenyewe ukubwani. Mtu kama huyo kuliweka swali la "mimi ni nani" katikati ya ujana wa kila binadamu, sioni kama ni bahati tu. Jaribu lake lilimzalia kazi yake. Lakini alipata pia walimu na wenzake huko Vienna, katika kundi la wanasaikolojia waliompokea alipokuwa msanii kijana asiye na mwelekeo.

Njia panda ya darasa la saba

Turudi nyumbani. Mtoto wetu anamaliza shule ya msingi akiwa na miaka kumi na mitatu au kumi na minne. Kwa hesabu ya Erikson ndio kwanza anaanza kujiuliza yeye ni nani. Kwa hesabu ya babu zetu alipaswa kuwa tayari na miaka mitatu kijijini na wenzake. Ni umri huohuo tunaompa karatasi ya mtihani, kisha tunabandika jibu ukutani: huyu anaendelea, huyu basi.

Januari 2016 ada iliondolewa mpaka kidato cha nne, na sera ya elimu, toleo la mwaka 2023, imeamua elimu ya lazima iwe miaka kumi. Ni hatua kubwa na naiunga mkono kwa moyo wote. Lakini hata leo kila Januari kuna watoto ambao hawaonekani sekondari. Wengine hawakuchaguliwa, wengine walichaguliwa wakakosa sare na daftari, wengine walianza wakaacha ndani ya muhula. Muulize mama yeyote wa Ibighi ataje watano, atataja bila kufikiri. Swali langu ni dogo: siku ya kwanza baada ya shule kufunguliwa, nani aliwaita hawa pamoja?

Hakuna. Kila mmoja alibaki kwao na aibu yake. Baba anamwambia "umenivunja moyo," jirani anamlinganisha na mwanawe aliyefaulu. Baada ya miezi michache anabeba ndizi kwa ujira, au anaendesha pikipiki ya mtu kwa hesabu ya kila siku, bila leseni, kwenye kona za barabara ya Kyela zenye ukungu. Tunamwambia dunia itamfunza. Nakubali anajifunza. Anajifunza kwamba thamani yake ni hesabu aliyoileta jioni, kwamba mwenye nguvu ndiye mwenye haki, na kwamba kulia ni kwa watoto. Akija kuoa, mke na watoto watayapokea mafunzo hayo mikononi mwake.

Sasa ile habari ya jeshi. Nchi yetu ilianzisha Jeshi la Kujenga Taifa mwaka 1963. Utaratibu wa vijana kwenda kwa mujibu wa sheria ulisitishwa mwaka 1994, ukarudi mwaka 2013. Wanaopangiwa makambi ni wahitimu wa kidato cha sita. Nimezungumza na wengi waliopitia. Wanasimulia kuamshwa usiku wa manane, jembe, matope, njaa na nyimbo, na wanasimulia kwa furaha. Kwa nini wafurahie mateso? Kwa sababu hawakuteseka peke yao, na kwa sababu walijua siku ya kumaliza. Mtoto wa mkurugenzi alilima mstari mmoja na mtoto wa mchuma chai. Hicho ni kijiji cha rika kwa jina lingine, na taifa linakilipia.

Lakini tazama tunampa nani. Tunampa aliyevuka mitihani yote, mwenye miaka kumi na tisa au ishirini, anayesubiri chuo kikuu. Yule aliyekwama akiwa na miaka kumi na minne, ambaye nafsi yake ndiyo iliyo laini zaidi na mgongo wake ndio ulio mtupu zaidi, hatumpi kambi, hatumpi wimbo, hatumpi hata kikao cha saa moja. Hili linanikera kwa kweli. Kama kuishi pamoja na kushika jembe pamoja kunajenga moyo wa mtu, aliyekuwa wa kwanza kuhitaji ni nani?

Mabinti tuliowaacha nje

Kijiji cha rika kilimwacha binti nje, na sheria zetu kwa miaka mingi zilifuata nyayo hizo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 13, ilimruhusu msichana wa miaka kumi na mitano kuolewa wazazi wakiridhia, huku mvulana akisubiri kumi na minane. Mwanaharakati Rebeca Gyumi alikipeleka kifungu hicho Mahakama Kuu akashinda mwaka 2016, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa ya Serikali. Kuhusu shule, wanafunzi waliopata mimba walifungiwa mlango kwa miaka mingi. Mwaka 2017 katazo lilitamkwa tena na Rais wa wakati huo mwenyewe. Ni Novemba 2021 ndipo Wizara ya Elimu ilipotangaza kwamba aliyejifungua anaweza kurudi darasani.

Ruhusa ni jambo moja, kurudi ni jambo jingine. Binti wa kidato cha pili aliyepata mimba anapoteza rika lake siku hiyohiyo. Wenzake wanakatazwa na mama zao kumtembelea. Kanisani anatengwa kwa muda. Aliyempa mimba mara nyingi anaendelea na pikipiki yake na hakuna aliyemtenga. Binti anabaki na kichanga, na mama yake aliyenuna, na umri wa miaka kumi na sita. Ni umri ambao swali la "mimi ni nani" linadai jibu, na jibu analolipata kutoka kila upande ni moja: wewe ni aibu. Akilisikia kwa mwaka mzima ataliamini. Wengi wa wasichana hawa hawaharibiwi na mimba. Wanaharibiwa na ule mwaka wa upweke unaoifuata.

Ndiyo maana ninapoona mwalimu wa kike anamfuata binti wa namna hiyo nyumbani kwao, anakaa naye jikoni akisaidia kumenya ndizi, anamwambia "mwezi wa kwanza nakusubiri," ninaona kazi kubwa kuliko kipindi chochote cha darasani. Na ninaona kwamba haimo kwenye maelezo ya kazi ya mtu yeyote.

Bibi aliyerudi kulea

Watu hudhani tabia ya mtu ikishafika ukubwani imekwisha kuumbwa. Sikubali. Angalia bibi zetu.

Mkoa wa Mbeya, kwa sababu ya barabara kuu ya Zambia na ile ya Malawi pamoja na biashara zake, ulikuwa miongoni mwa mikoa iliyoumizwa sana na Ukimwi. Kabla ya dawa za kufubaza virusi kuanza kutolewa katika hospitali za umma mwaka 2004, tulizika watu wa miaka thelathini mfululizo. Rungwe na Kyela zilibaki na nyumba zenye watu wa pande mbili za umri: wazee na watoto, katikati hakuna mtu. Bibi aliyekuwa amekwisha kulea, aliyestahili kukaa na kuamkiwa na wapita njia, alishika tena jembe na kufua tena nepi. Alizika mwana asubuhi, jioni akampikia mjukuu. Huo ni mtihani ambao hakuna rika la zamani lililoandaliwa kwa ajili yake.

Wale wajukuu sasa ni watu wazima. Wapo walimu, wapo mafundi, wapo waliopotea. Nimejaribu kutafuta kilichowatenganisha, na naona jibu linalofanana na la mwanasaikolojia Emmy Werner. Yeye na wenzake waliwafuatilia watoto 698 waliozaliwa mwaka 1955 katika kisiwa cha Kauai, Hawaii. Miongoni mwao walikuwamo waliozaliwa katika umaskini, ugomvi wa wazazi, ulevi na maradhi ya akili. Takriban theluthi moja ya hao walioanza vibaya wakawa watu wazima wenye kujiamini, wanaojali na wanaoweza kazi. Walichokuwa nacho wengi wao ni angalau mtu mzima mmoja aliyewapenda bila masharti, na mara nyingi hakuwa mzazi: ni bibi, ni shangazi, ni mwalimu, ni jirani. Mtu mmoja tu. Huku kwetu mtu huyo alikuwa na miaka sitini na mitano na magoti yanayouma.

Sasa bibi huyohuyo amezeeka kweli. Rika lake limekwisha. Hakuna ubusoka wa kumshukuru na kumpumzisha. Zanzibar ilianza mwaka 2016 kuwalipa wazee wote wenye miaka sabini na kuendelea, wakati huo shilingi 20,000 kwa mwezi, bila kujali kama waliwahi kuajiriwa. Bara hatuna mpango wa namna hiyo kwa kila mzee. Tuna TASAF, mfuko wa maendeleo ya jamii, kwa kaya zilizoorodheshwa kuwa maskini, na basi. Lakini fedha ndiyo sehemu rahisi. Kuna mahali katika mkoa wetu na jirani zetu wa Songwe ambako wale wanaoitwa lambalamba wamealikwa vijijini kusaka wachawi, na anayeonyeshwa kidole mara nyingi ni mzee anayeishi peke yake. Nani atamtetea, ikiwa wote waliomjua akiwa binti wamekwisha kufa? Mtu aliyemaliza mitihani yote ya maisha anakutana na wa mwisho akiwa hana shahidi.

Kinachowezekana

Sidai turudishe vijiji vya rika. Ardhi haipo, na sitaki binti yeyote arudi kumkwepa baba mkwe kwenye matope. Nadai tuvitumie tulivyo navyo. Jumapili nenda kanisa lolote la hapa, Moravian, KKKT au Katoliki, utawakuta vijana wa kwaya wamesimama safu kwa safu, waliofanya mazoezi jioni nne za wiki. Utakuta darasa la kipaimara, watoto wa umri mmoja chini ya mtu mzima mmoja, wiki baada ya wiki. Hayo ni makundi ya rika yaliyokwisha jengwa. Mara nyingi, hata hivyo, aliyefeli anaona haya kuja, na aliyezaa anatengwa. Wachungaji na mapadri wetu wanaweza kuligeuza hilo bila kusubiri bajeti ya mtu. Kinamama wa vikoba wanakutana kila wiki na wanajua kila nyumba ina nini. Wakulima wa chai na wa parachichi wana vikundi vyao. Kikundi kimoja kikichukua vijana wanane walioishia darasa la saba, kikawapa kipande kimoja cha kulima pamoja na mzee mmoja wa kukaa nao, vijana hao watakuwa na mahali pa kwenda Jumatatu asubuhi.

Kwa upande wa kata, ombi langu ni jepesi zaidi. Januari inakuja, na ofisi itakuwa na orodha ya watakaoanza kidato cha kwanza, jina na shule. Itengenezwe na orodha ya pili, ya watoto wa umri uleule ambao hawamo katika ya kwanza. Mbele ya kila jina liandikwe jina la mtu mzima mmoja aliyekubali, mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, kumwita mtoto huyo kwake angalau mara moja kwa wiki. La kwangu liandikeni.